Kuvua changu kwa mshipi: mambo ya msingi

Tunaponunua changu sokoni Mwanakwerekwe, huona bei tu. Kazi iliyomfikisha pale hatuioni. Kwa msikilizaji anayeanza uvuvi, tumekuandalia haya.

Vifaa: Mshipi wa nailoni, ndoana, chubwi ya risasi na chambo. Changu hupenda ngisi, kamba na vipande vya dagaa. Chambo kiwe kibichi. Kilichooza hakishiki kwenye ndoana.

Mahali: Tafuta pembezoni mwa matumbawe na penye majani ya bahari.

Wakati: Anayejifunza achague siku za maji mafu, mkondo ni mdogo. Wakati wa bamvua maji huvuta chubwi na mshipi haukai wima.

Namna: Tia nanga. Shusha mshipi mpaka chubwi iguse chini, kisha uinue kidogo. Uache upite juu ya kidole. Akidonoa, subiri, akivuta, kaza na umpandishe bila kumpa nafasi. Akiwahi kuingia mwambani, mshipi hukatika.

Tahadhari: Changu mchanga mrudishe baharini, hajazaa bado. Mwamba wa magharibi ya Chumbe ni hifadhi tangu 1994, hapavuliwi. Kusi linapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka. Usitoke peke yako, na uwaambie wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi. Upepo ukizidi, ghairi. Samaki watakuwepo kesho.