Ufunguo wa Redio Umehama

Utotoni mwangu kule Ujiji redio haikuhitaji ruhusa ya mtu. Betri zikichoka tulizianika juani, na jioni tukaikamata Dar es Salaam. Ukizungusha kidogo, unaipata Bujumbura, au Zaire ng'ambo ya ziwa.

Kilichokuwa na ufunguo ni kutangaza. Huku Bara ni serikali peke yake iliyotangaza, mpaka Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipowaruhusu watu binafsi. Radio One ikaanza mwaka 1994. Tukadhani mlango umefunguka moja kwa moja.

Siku hizi redio imo ndani ya simu. Mpwa wangu alitengeneza programu ya kukusanya pamoja redio za mwambao huu wa ziwa. Duka la programu likaikataa: lete kwanza barua ya kila kituo. Akanijia amefura. "Mjomba, redio ni ya bure. Mimi nimeonyesha njia tu!"

Nikamweleza kisa cha London. TuneIn, kampuni ya Marekani inayokusanya maelfu ya redio, nayo ilijitetea hivyo hivyo iliposhitakiwa na Warner na Sony. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwapelekea wasikilizaji wa Uingereza redio za nje zisizo na leseni ya muziki huko ni kuvunja hakimiliki. Mwaka 2020 TuneIn ikawafungia wasikilizaji hao redio nyingi za nje. Ndugu yetu aliyeko huko akitegemea mlango huo kusikia ya nyumbani, alikuta komeo.

Mwanamuziki ana haki ya jasho lake, sibishi. Lakini kumbuka Mei 2015. Wakati wa jaribio la mapinduzi Burundi, redio za binafsi zilishambuliwa zikanyamaza. Wakimbizi wakajaa Kagunga, na MV Liemba ikawaleta Kigoma. Waandishi waliokimbilia Kigali wakaanzisha Radio Inzamba kwenye intaneti. Redio ya namna hiyo ikifungiwa mlango wa simu, haina mnara wa kukimbilia.

Zamani mwenye ufunguo alikuwa Dar es Salaam. Tulijua hata pa kumlalamikia. Wa leo yuko mbali, na Kiha hakijui. Basi mpwa wangu anazunguka kuomba barua, kituo kwa kituo. Wenye vituo, akibisha hodi msimzungushe. Mpeni barua yake.