Wacheni Kulaumu Simu ya Mtu

Wasee, hebu tuongee ukweli. Fomu ya kuomba kazi inafungwa saa sita usiku. Kwa laptop ya rafiki yako inafunguka poa, lakini kwa simu yako kitufe cha kutuma kimejificha chini ya picha na hakibonyezeki. Ukilalamika unaambiwa, "Si ununue simu ingine." Mimi nakataa. Ukijua hii maneno ilitoka wapi, utaona simu inasingiziwa.

Turudi 1999. Nokia 7110 ilikuwa kati ya simu za kwanza kuja na kivinjari cha WAP. Haikuweza kusoma tovuti za kawaida. Mwenye tovuti alifaa kuandika nyingine ndogo kando, kwa lugha inayoitwa WML. Wengi hawakujisumbua, so mwenye simu akabaki na menyu na maandishi tu.

Januari 2006, kampuni ya Opera kutoka Norway ikaachilia Opera Mini duniani kote. Kama ulikuwa na kabambe, unaijua. Ujanja wake ulikuwa hivi: simu haikupika ukurasa. Ombi lako lilienda kwa seva za Opera, ukurasa ukapikwa huko, ukabanwa, kisha ukatumwa kwako ukiwa mwepesi. Data ilitumika kidogo, na kasimu kadogo kakafungua tovuti kubwa. Lakini JavaScript nayo iliendeshwa huko huko kwa seva, kwa muda mfupi tu. Ukibonyeza menyu, ilibidi safari ingine hadi kwa seva, ama ikakataa kabisa.

2007 iPhone ikaingia. Tovuti nyingi zilikuwa za kompyuta, kwa hivyo Safari ilijifanya ina upana wa pikseli 980, halafu ikapunguza kila kitu kitoshee. Apple wakaleta mstari mmoja wa kuandikwa ndani ya ukurasa, unaoitwa viewport, wa kuambia kivinjari kitumie upana halisi wa simu. Tovuti ikikosa huo mstari, hata leo maandishi yanakuja madogo kama mchanga.

Sasa sikizeni hapa. Safari na kivinjari cha Android vilitumia injini moja, WebKit. Mapambo mapya ya CSS yalikuwa bado ya majaribio, kwa hivyo majina yake yalianza na -webkit-. Watengenezaji wengi wakaandika jina hilo pekee, wakaenda zao. Opera na Firefox zilijua kufanya mengi ya mambo yale yale, ila hakuna aliyeziita. Ukurasa ukavunjika, na mtumiaji akalaumu kivinjari. 2012 Opera ikaanza kuitikia jina la mwenzake. 2013 ikatangaza kwamba inaacha injini yake, Presto, ingawa ilikuwa na watumiaji milioni 300. Firefox nayo ikakubali yale majina 2016.

Soma hiyo tena pole pole. Kivinjari kilichokuwa na uwezo kilionekana kibovu kwa sababu mtu alipima kazi yake kwa simu yake mwenyewe, akasema imeisha.

Najua kuna mtu atasema huwezi kubeba simu za zamani milele. Sawa, mapambo yaache. Lakini fomu ya kawaida ya HTML inajituma yenyewe bila JavaScript yoyote. Imekuwa hivyo tangu miaka ya 1990. Ukianza na hiyo, kisha urembo uje juu yake, simu ya bei ya chini itakosa urembo lakini itatuma fomu. Ukianza na urembo, inakosa vyote viwili.

Kwa hivyo kama unasomea hii kazi, ama tayari unalipwa kuifanya, kabla ya kusema tovuti iko tayari, azima simu ya bei ya chini kabisa kwenye mtaa wenu, ujaze fomu yako mpaka mwisho. Ikikataa kutuma, bado hujamaliza kazi. Aliyeshika hiyo simu anahitaji hiyo kazi kama wewe tu.