Albamu ya Kwanza ya Jaco Pastorius na Nafasi ya Gitaa la Besi
Gitaa la besi la umeme, ambalo kampuni ya Fender ya California ililiingiza sokoni mwaka 1951, lilitumika kwa miaka mingi kushikilia mdundo na kujaza sauti za chini, huku wimbo wenyewe ukiachiwa waimbaji, saksafoni na gitaa la solo. Katika jazi mchanganyiko, yaani muziki uliounganisha jazi na midundo ya roki na fanki, Stanley Clarke alikwisha kulisogeza mbele. Lakini albamu ya Jaco Pastorius, iliyotolewa na Epic mwaka 1976 kwa jina lake mwenyewe, ndiyo iliyowafanya wapigaji wengi wafikirie upya chombo hicho.

Pastorius, aliyekulia Florida, alitumia besi iliyong'olewa freti, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyogawa shingo ya gitaa katika noti, na ambayo ubao wake ulipakwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, ili nyuzi zisiukwangue. Kidole kiliweza kuteleza kutoka noti hadi noti, na sauti ikarefuka na kutetema kama ya mwimbaji, ingawa kidole kikihama kidogo tu noti huharibika. Kumwita mvumbuzi wa besi ya namna hiyo ni kutia chumvi, kwa kuwa kampuni ya Ampeg ilikuwa ikiitengeneza tangu mwaka 1966.

Albamu inafunguliwa na Donna Lee, kibao chenye noti za mbio ambacho Charlie Parker alikirekodi mwaka 1947, na hapa besi inakipiga ikisindikizwa na konga za Don Alias peke yake. Katika Portrait of Tracy besi imebaki pekee, na karibu wimbo wote umejengwa kwa hamoniki, sauti nyembamba za juu zinazopatikana uzi unapoguswa kidogo bila kukandamizwa. Waigaji walizishika mbwembwe hizo za vidole. Wachache walizingatia utunzi, ilhali katika Forgotten Love, kibao cha mwisho, inasikika piano ya Herbie Hancock pamoja na fidla na jamaa zake, na mwenye albamu hapigi kabisa.

Mwaka huohuo wa 1976 Pastorius alichukua nafasi ya Alphonso Johnson katika bendi ya Weather Report, na albamu yao Heavy Weather ya 1977 ikaufikisha mlio huo kwa wasikilizaji wengi zaidi.