Viongozi wa CODESRIA

Baraza la Maendeleo ya Utafiti wa Sayansi za Jamii Afrika, linalojulikana kwa kifupi kama CODESRIA, lilianzishwa mwaka 1973 na makao yake makuu yako Dakar, Senegali. Mamlaka yake ya juu ni Mkutano Mkuu, yaani kikao cha wanachama kinachofanyika kila baada ya miaka 3, ambacho huchagua Kamati Tendaji. Mzigo mzito zaidi humwangukia Katibu Mtendaji, wadhifa ulioshikwa kwanza na mwanauchumi Samir Amin wa Misri, kwani ndiye anayesimamia sekretarieti, anayetafuta fedha na anayehakikisha kuwa majarida yanachapishwa, huku akilinda uhuru wa wanazuoni, jukumu gumu kuliko yote, dhidi ya matakwa ya serikali na wafadhili.