Nani Alilipa Ufundi Wetu?

Katika misioni nyingi za Kivu mtaziona kuta za matofali ya kuchoma zilizosimama tangu siku za mababu zetu. Mtaona milango na madawati yaliyorandwa na maseremala waliojifunza kwa Mapadre na Mabruda. Sisi huwasifu waliofundisha, tena huwasifu waliojifunza, na ni haki kufanya hivyo. Lakini liko swali moja tusiloliuliza mara nyingi: fedha ilitoka wapi? Nani alilipa misumeno na randa, na posho ya mwalimu? Na yule aliyelipa, alitaka nini?

Tumeona yafaa kuandika habari hii kwa sababu vijana wengi wa Masisi na Walikale wanamaliza shule ya msingi, kisha wanasimama njiani. Wengine wanashuka mashimoni kuchimba madini, wengine wanatiwa bunduki mikononi. Wazazi husema: «Laiti mtoto wetu angejifunza ufundi!» Wasema kweli. Lakini ufundi hauji bila gharama, na gharama hiyo ina historia ndefu. Anayeijua historia hiyo ataomba kwa namna nyingine, si kama mwombaji wa sadaka.

Ardhi kwa sharti

Tuanze mwaka 1906. Tarehe 26 Mei ya mwaka ule, wakati wa Papa Pio X, Kiti Kitakatifu na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold II walitia sahihi mapatano. Dola iliahidi kuipa kila misioni ya Kikatoliki ardhi, hekta 100, au hata 200 ikiwa kilimo chadai hivyo. Lakini ardhi ile haikutolewa bure. Sharti lake lilikuwa hili: kila misioni ijitahidi kufungua shule, na shule hiyo isifundishe kusoma na kuandika tu, bali kilimo, utunzaji wa misitu na kazi za mikono pia.

Njia hii ya kulipia ufundi kwa ardhi haikuwa ngeni duniani. Huko Marekani, mwaka 1862, Rais Lincoln alitia sahihi sheria iitwayo ya Morrill. Kila jimbo lilipewa eka 30,000 za ardhi kwa kila mjumbe wake katika Bunge, liziuze, na kwa fedha hiyo lianzishe chuo cha kilimo na ufundi. Vyuo vikubwa sana vya nchi ile vilizaliwa hivyo. Lakini ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wenyeji wa kwanza wa Marekani, walioinyang'anywa au kuilazimishwa kuiacha.

Kwetu nako vivyo hivyo. Katika mapatano ya 1906 walikaa watu wa pande mbili: dola na Kanisa. Wenye vilima hawakuitwa. Hatusemi haya ili kuwalaumu Mapadre Weupe waliokuja kufungua misioni kama Bobandana, karibu na Ziwa Kivu. Wengi wao walitoa maisha yao yote kwa ajili yetu. Twasema tu ili hesabu iwe sawa. Malipo ya kwanza ya shule zetu za ufundi yalikuwa ardhi ya babu zetu.

Franka za Bula Matari

Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Sheria ya mwaka ule iliyoweka misingi ya koloni ilitenga mali ya Kongo na mali ya Ubelgiji: kila upande na hazina yake, kila upande na madeni yake. Msomaji alishike vizuri jambo hili, maana laeleza mengi. Matumizi ya kawaida ya serikali ya Kongo yalipaswa kutoka katika mapato ya Kongo yenyewe.

Na mapato hayo yalitoka wapi? Yalitoka katika ushuru wa mali iliyouzwa nje, katika madini, na katika kodi ya kichwa. Sheria ya tarehe 2 Mei 1910 ilimtaka mwanamume aliye mtu mzima alipe kodi kwa fedha taslimu. Mtu aliyekuwa na mtama, maharagwe na mbuzi, lakini hana franka, ilimpasa aende kuitafuta franka hiyo. Aliipata kwa kubeba mizigo, kwa kazi ya barabara, na baadaye katika mashamba makubwa ya Wazungu. Mwaka 1928 ilianzishwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi. Kahawa, chai, pareto na mkwinini vikapandwa Kivu. Kazi ikazidi watu, hata serikali ikaleta familia nyingi kutoka Rwanda zikae Masisi, kati ya mwaka 1937 na 1955.

Wakati huohuo ruzuku ya shule ilipata taratibu zake. Ruzuku ni fedha ya msaada itolewayo na serikali. Mwaka 1922 waziri wa makoloni, Louis Franck, aliunda tume ya kuchunguza elimu. Mpango ukatayarishwa kuanzia 1925, na kanuni kamili zikachapishwa mwaka 1929. Serikali iliona ni nafuu kwake kuziachia misioni kazi ya kufundisha, kisha kuzisaidia kwa fedha. Masharti yalikuwa wazi: shule ifuate programu ya serikali, ikubali mkaguzi, iandike idadi ya wanafunzi na walimu, na isiache bustani na kazi za mikono. Miaka 2 ya daraja la kwanza, miaka 3 ya daraja la pili, kisha wachache waliochaguliwa waliingia shule maalumu za walimu, makarani au mafundi. Wasichana walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba.

Yatupasa kukiri jambo moja. Ruzuku ile ilitolewa kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, nazo karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Misioni za Kiprotestanti zilikuwa hasa za watu wa nchi nyingine, nazo hazikupewa kitu. Mtoto wa Mprotestanti, ambaye baba yake alilipa kodi sawasawa na jirani yake Mkatoliki, hakupata faida ileile. Mlango ulifunguliwa kwao kwa uamuzi wa 1946 na kanuni mpya za 1948. Sisi tulikaa mezani peke yetu muda wa miaka karibu 20. Haifai kusahau hayo tunapodai haki yetu leo.

Mwaka 1947 uliundwa Mfuko wa Maendeleo ya Wenyeji. Huo ulijenga zahanati, visima na shule. Watu wengi walidhani ni zawadi ya Ubelgiji. Lakini sehemu kubwa ya mtaji wake ilikuwa fedha ambayo Ubelgiji iliirudishia Kongo kwa gharama za vita vya 1940 hadi 1945. Kongo ilikuwa imekopesha, Kongo ikalipwa.

Mwaka 1954 ukaja ugomvi. Waziri Auguste Buisseret alifungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika, na mabishano makali yakatokea juu ya mgawo wa ruzuku. Magazeti ya Kikatoliki yalipiga kelele, wakubwa wa siasa wakajibu. Wote walibishana nani apewe fedha. Ni wachache waliouliza ufundi wenyewe unamwandaa mtoto awe nani. Jibu lilionekana tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru. Watoto zaidi ya milioni 1 walikuwa katika shule za msingi, jambo la kusifiwa katika Afrika ya wakati ule. Lakini Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Tulifundishwa kujenga nyumba, hatukufundishwa kuichora. Aliyeshika mfuko alitaka mikono, naye alipata mikono.

Mfuko wa waajiri

Baada ya uhuru serikali ilijaribu njia mpya. Tarehe 29 Juni 1964 ilianzishwa INPP, taasisi ya taifa ya kuwaandaa watu kwa kazi. Wazo lake ni jema: waajiri ndio wanaofaidika na mfanyakazi anayejua kazi, basi wao walipe. Kila mwezi kila mwajiri hutoa sehemu ya mishahara anayolipa: asilimia 3 kwa mashirika ya serikali na makampuni yenye wafanyakazi wasiozidi 50, asilimia 2 kwa yenye 51 hadi 300, asilimia 1 kwa yanayozidi hapo. Kwa fedha hiyo INPP hufundisha uashi, umeme, umakanika na kazi nyingine nyingi.

Lakini tazameni jinsi lilivyo. Mfuko unaolishwa na mishahara hustawi penye mishahara, nako ni Kinshasa, Lubumbashi, Goma kidogo. Mtu wa Masisi ni mkulima, mfugaji au mchimbaji. Hana karatasi ya mshahara. Jasho lake haliingii katika daftari la mwajiri yeyote, na kwa hiyo shule hiyo haimfikii kijijini kwake. Ikambidi mtoto ashuke Goma, kwa INPP au kwa shule ya ufundi ya Wasalesiani, iitwayo ITIG. Na kushuka Goma kwataka nauli, nyumba na chakula. Wengi wameshindwa njiani kabla ya kushika nyundo.

Shule zetu za parokia nazo zilipita katika mawimbi. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za dini. Tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha kwa mkataba: Kanisa lisimamie, serikali ilipe walimu. Kisha hazina ikakauka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi walianza kutoa nyongeza ili mwalimu asikimbie darasa, na nyongeza hiyo ikawa mzigo wa kila mwaka. Mwaka 2019 shule ya msingi ilitangazwa kuwa bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Lakini shule ya ufundi si ya msingi. Mama anayetaka binti yake ajifunze kushona kwa cherehani, au mwanawe ajifunze kuchomelea vyuma, bado ametakiwa kulipa.

Mali iliyo chini ya miguu yetu

Labda msomaji atasema: «Serikali ni maskini, itatoa wapi?» Na ajue sheria isemavyo. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au cheferi penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni ya madini inapaswa kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali pale. Rubaya ya Masisi yajulikana duniani kwa koltani yake. Bisie ya Walikale yajulikana kwa bati lake. Kwa maandishi ya sheria, fedha ya kujenga karakana ya ufundi ipo.

Lakini vita hula kwanza. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliitwaa Rubaya. Mwisho wa mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ya kwamba kundi hilo lilitoza kodi ya koltani isiyopungua dola 800,000 kwa mwezi. Mchimbaji analipa kodi, kama babu yake alivyolipa ya kichwa. Babu yake angalau alipata shule yenye bustani na mkaguzi. Mjukuu anapata nini?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Turudi tena Marekani tujifunze jambo moja. Kati ya 2011 na 2014 Wizara ya Kazi ya nchi ile iligawa karibu dola bilioni 2 kwa vyuo vidogo vya wenyeji, ambako mtu husoma miaka 2 akiwa anakaa kwake. Nia ilikuwa kuwasaidia hasa waliopoteza kazi wajifunze kazi mpya. Kila mwaka vyuo vilivyopokea fedha vilitakiwa kuonyesha: walioanza ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, waliopata kazi ni wangapi. Sisi hatuna dola bilioni 2. Lakini maswali hayo 3 hayagharimu kitu, na kamati ya wazazi ya parokia yoyote yaweza kuyauliza.

Basi, nani alilipa ufundi wetu? Babu alilipa kwa ardhi. Baba alilipa kwa kodi. Sisi tumelipa kwa nyongeza za shule na kwa madini yanayotoka chini ya miguu yetu. Mikono iliyotupitishia fedha ilibadilika, nasi tuishukuru ile iliyotenda mema. Lakini mfuko ulikuwa wetu tangu mwanzo.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Masisi na Walikale, mnapokwenda mbele ya chifu, ya mkuu wa sekta, ya kampuni au ya mfadhili kuomba karakana ya vijana, msiende kwa kuinamisha kichwa. Salimieni kwa heshima, ketini, kisha ombeni daftari mlione. Na siku karakana itakapofunguliwa, wekeni la kwenu pia, lenye majina ya vijana wote walioingia na kazi waliyoipata. Wajukuu watakapouliza nani alilipa, watasoma humo.