Nguzo ya Massett na Kumbukumbu za Wazee

Tarehe 22 Agosti 1969, wakazi wa kijiji cha Massett, kaskazini mwa visiwa vya Haida Gwaii nchini Kanada, walishika kamba na kuisimamisha nguzo ya mwerezi yenye urefu upatao mita 12. Kwa muda wa miaka 90 hivi hapakuwa na nguzo mpya iliyosimamishwa pale. Mchongaji wake, Robert Davidson, alikuwa kijana wa miaka 22.

Ukimya huo ulikuwa na sababu zake. Ndui ya mwaka 1862 iliwaua Wahaida wengi mno, hata mwanzoni mwa karne ya 20 wakasalia wapatao 600 tu. Wamisionari walizihesabu nguzo kuwa ushenzi. Nyingine zilipasuliwa kuni, nyingine zikachukuliwa na majumba ya makumbusho. Juu ya hayo, sheria ya Kanada ilikataza potlachi tangu 1885 hadi 1951. Potlachi haikuwa karamu tu, kama walivyodhani waliotunga sheria ile. Lilikuwa baraza ambamo majina hutolewa, urithi huthibitishwa, na wageni hupokea zawadi kwa kuwa wamekubali kuwa mashahidi. Nguzo isiyo na mashahidi ni gogo lililopambwa.

Davidson ni kitukuu cha Charles Edenshaw, fundi mashuhuri aliyefariki mwaka 1920. Baba na babu yake walimfundisha kuchonga jiwe jeusi laini la visiwani humo, lakini kazi kubwa za wahenga wake hakuziona kijijini. Alizikuta Vancouver, katika makumbusho, alipohamia huko mwaka 1965. Mwaka uliofuata alikutana na Bill Reid, akawa mwanagenzi wake.

Alipozuru nyumbani aliwaona wazee wamenyongea, akakusudia kuwapa siku ya kushangilia walau mara moja tena. Kuchonga kwa tezo kulimtosha yeye na wasaidizi wachache, akiwemo mdogo wake Reg. Kuisimamisha nguzo kwa heshima yake kulikuwa jambo jingine, maana hakuna aliyejua taratibu zote. Basi wazee walikutanika, huyu akikumbuka wimbo, yule hatua ya ngoma. Bibi yake, Florence Edenshaw Davidson, alicheza akiwa amevaa kinyago cha mfuko wa karatasi, kwa kuwa vinyago vya mti havikuwapo tena. Wahakiki wa sanaa wameandika mengi juu ya umbo la nguzo. Huenda kinyago kile cha karatasi kinaeleza zaidi. Mti ulikuwa umepotea, mwendo ulibaki mwilini mwa mwanamke aliyezaliwa mwaka 1896.

Nyimbo nazo zilikuwa za Kihaida, lugha ambayo watoto walikuwa wameacha kurithishwa. Mwaka 1980 Davidson na Reg waliunda kundi la ngoma, Rainbow Creek Dancers, nyimbo zile zipate waimbaji. Mwaka 2018 ilitolewa filamu ndefu iliyozungumzwa yote kwa Kihaida. Waigizaji wake walilazimika kwanza kufundishwa matamshi na wazee.