Umumenja: kosa la mmoja, jina la wote

Katika Kirundi, "umumenja" ni msaliti, mwasi. Wingi wake ni "abamenja", na wingi huo ndio uliogeuzwa kuwa kaburi.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walivamia Rumonge na Nyanza-Lac, nchini Burundi, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikalipiza kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima: walimu, makarani, wanafunzi waliotolewa madarasani. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wote wakaitwa abamenja, hata ambao hawakuwahi kushika panga. Mali zikataifishwa, wajane na yatima wakarithi jina. Huko Rumonge, mashamba ya michikichi ya waliokimbilia Tanzania yakapewa wengine, na ugomvi juu ya mashamba hayo ukadumu miongo kadhaa.

Swali la uovu wa kurithi lilimsumbua hata mtunzi wa hadithi: mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, aliyebuni maoki, kabila zima la viumbe waovu, alihangaika barua kwa barua: je, kiumbe aweza kuzaliwa asiye na njia ya kutubu? Alikuwa na haki ya kuhangaika. Usaliti ni tendo, haurithiwi. Hata zimwi la methali ya Waswahili, likikujua, halikuli likakwisha.

Mwana wa umumenja hakupewa hata nafasi hiyo ya kusazwa.